Kifaa Kilichokosea Ijumaa

Nilipokuwa eda, nyumba ya mama mkwe wangu pale Kilwa Masoko ilikatika vipande viwili. Barazani alikaa yeyote. Kuanzia kwenye pazia la mlango kwenda ndani, ni wanawake tu na wanaume wa damu yangu. Mimi nisitoke, mwanamume wa kando asiingie. Sikuwa na ugomvi na hilo. Nimezaliwa Lindi mjini, nimewaona shangazi zangu wakikaa eda tangu sijui kusoma. Ugomvi wangu ulikuwa mmoja: kompyuta yangu ilikuwa ndani, na mtu pekee wa kunisaidia alikuwa barazani.

Mtu huyo alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu. Walisoma pamoja, wakafanya kazi pamoja, wakagombania mpira pamoja. Kwao ni Mtama, Mmakonde, Mkristo, mpole kupita kiasi, na mbele ya mama mkwe wangu alikuwa anatetemeka. Mimi aliniita shemeji. Mume wangu na yeye ndio waliokibuni kile kifaa, na mimi nikaingia baadaye kusaidia kuandika programu. Kifaa chenyewe kilikuwa kisanduku kidogo chenye kompyuta ndani yake, kimefungwa kwenye friji ya chanjo katika zahanati moja ya visiwani, njia ya kwenda Songo Mnara. Kazi yake ilikuwa kupima ubaridi wa friji, na friji ikipata joto, kumtumia nesi meseji popote alipo. Chanjo ikishapata joto imekufa, na huwezi kuijua kwa kuitazama.

Ugonjwa ulimchukua mume wangu haraka, hata sikupata muda wa kuuzoea. Tulimzika. Watu wa matanga hawajamaliza kuondoka, nesi akapiga simu. Kwanza alilia, alimpenda sana mume wangu, kisha akasema kwa aibu kubwa kwamba kifaa chetu kinadanganya. Alikuwa na kipimajoto chake cha kawaida ndani ya friji, kile cha siku zote, na mara mbili tatu amekuta kipimajoto kinasema joto limepanda, kifaa kinasema baridi shwari. Mara nyingine kifaa kilimwambia friji ina joto la kuchemshia chai. Alikuwa anaamini kipimajoto chake, kwa hiyo hakuna mtoto aliyechomwa chanjo mbovu, alhamdulillahi. Ila watu wa wilayani walishasikia. Wamesema siku watakayokuja kukagua, wakikikuta bado kinakosea, wanaking'oa.

Nilimwambia mama mkwe wangu. Nilidhani atasema kazi zisubiri, mtu yuko eda. Alikaa kwenye mkeka, akasema, "Mwanangu hakuacha mtoto. Hakuacha nyumba wala kisima. Ameacha kile kisanduku. Wakiking'oa, sadaka yake jariya imekatika."

Nikaelewa. Kwake kile kisanduku kilikuwa sadaka ambayo thawabu zake hazisimami mtu akishakufa. Kila mtoto wa kisiwani anayepata chanjo nzima, mwanawe anaandikiwa huko aliko. Mimi nilikuwa nawaza nyuzi na betri, mwenzangu anawaza kaburi la mwanawe. Tangu hapo sikuwaza kingine.

Basi tukaanza kazi, na ilikuwa kichekesho. Rafiki yetu anakaa barazani, mimi ndani nyuma ya pazia, na mama katikati, mlangoni, juu ya kigoda, shanga za tasbihi mkononi. Tulikuwa na kifaa cha pili cha majaribio, pacha wa kile cha kisiwani. Nikimaliza kuandika kitu, mama anaichukua kompyuta yangu, anaiweka kwenye sinia, anaifunika kanga, anampelekea. Kanga ya nini, nilimuuliza. "Majirani wasione," akasema. Wasione nini, sijui mpaka leo. Rafiki yetu anaipokea kwa mikono miwili, "Ahsante mama, shikamoo," kila mara shikamoo, hata kama ni mara ya tano asubuhi hiyo. Mama anaitika kila mara. Nilikuwa nacheka peke yangu nyuma ya pazia, halafu nakumbuka kwa nini nimo ndani, kicheko kinaisha.

Kosa lilikuwa halionekani. Tulisoma programu mstari kwa mstari. Sehemu inayopima ilikuwa nzima, inapima sawasawa na kuandika vipimo kwenye jedwali lake ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Lakini kule kisiwani mtu alikuwa anakuja baadaye, anaandika upuuzi juu ya vipimo vyetu na kuondoka. Nasema mtu, ila namaanisha kipande kingine cha programu hiyohiyo. Kipi? Vilikuwa vingi. Na kumshuku kila mmoja kwa zamu ni kazi ya kukuna kichwa mpaka nywele zikuishe.

Ndipo nikaamua kubadili ruhusa. Nitaeleza nilivyomweleza mama, maana alitaka kujua na hakukubali kupewa majibu ya kitoto. Kumbukumbu ya kompyuta, mama, mfumo endeshi, ile programu kuu inayozisimamia nyingine zote, huigawa kurasa kurasa. Kila ukurasa una ruhusa zake: huu unaruhusiwa kusomwa tu, huu kusomwa na kuandikwa, huu una maagizo ya kutekelezwa. Ukurasa wetu wa vipimo ulikuwa wazi kwa kuandikwa muda wote, na ndiyo maana kila mpita njia ndani ya programu aliweza kuuchafua. Sasa mimi nauomba mfumo endeshi uubadilishe uwe wa kusomwa tu. Yule mpimaji wetu halali, kabla ya kuandika ataomba ufunguliwe, ataandika, na akimaliza ataufunga palepale. Mwingine yeyote akithubutu kuandika, mfumo unaiua programu papo hapo na kutuonyesha mstari aliouawa nao mkononi.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo unamtegea mwizi, mwanangu."

"Ndiyo mama."

"Na si mwizi wa nje."

"Si wa nje. Ni wa mlemle ndani."

"Hao ndio wabaya," akasema, na akaenda kuweka sufuria jikoni.

Mtego ulimwingia moyoni. Alfajiri akishaswali analeta uji wa mchele wenye pilipili manga, anakaa pembeni ya kitanda changu, na badala ya kuniuliza nimelalaje ananiuliza, "Mwizi wetu hajaja?" Hajaja, mama. "Atakuja tu, mlafi yule." Mimi mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo. Nililelewa na shangazi mkali ambaye hakuwahi kukaa pembeni ya kitanda cha mtu. Kwa hiyo nasema bila aibu: katika msiba ule mzito, asubuhi zile nilikuwa na furaha. Nilikuwa na mama, na mama alikuwa upande wangu.

Mwizi lakini hakuja. Tulikiwasha kifaa cha majaribio, rafiki yetu akakichokoza kwa kila namna aliyoijua. Alikiwekea barafu, akakipasha kwa maji ya moto, akakizima na kukiwasha ghafla kama umeme wetu unavyofanya. Kilituma meseji zake vizuri, vipimo safi, ukurasa umefungwa na hakuna aliyeugusa. Siku zilienda. Rafiki yetu alikuja siku zote isipokuwa Ijumaa, maana Ijumaa nyumba ile haikuwa na kazi. Mama alikuwa anapika, anasoma, wageni wa kusoma Yasini wanakuja, nani atajali kompyuta?

Kumbe kosa letu lilikuwa hapohapo. Nesi alipiga tena, kifaa kimedanganya tena, na safari hii sauti yake ilikuwa imekata tamaa. "Mwanangu, watu huku wanasema kina shetani. Mimi nawakatalia, lakini mbona kila kikikosea ni Ijumaa?"

Ala! Nilimwomba arudie. Akarudia. Kila alipokuta kosa, alikuwa anajiandaa kwa swala ya Ijumaa au ametoka kuswali. Sisi tulikijaribu siku sita za wiki na siku yake ya kuugua tulikuwa tunakizima.

Rafiki yetu aliposikia aje Ijumaa aliingiwa na baridi. Mtaa mzima wa Waislamu wakitoka msikitini wamkute yeye kwenye baraza ya mjane? Mama alimkata kauli. "Utakuja watu wakishatoka kuswali, utakaa barazani peupe, utakunywa chai. Atakayeuliza mwambie nimekuita mimi."

Akaja. Mama akampa chai, akampelekea kompyuta kwenye sinia, kanga juu yake kama kawaida. Mimi nilikaa sakafuni nyuma ya pazia, naona miguu yake tu na soli za viatu vyake. Alikiwasha kifaa, akachovya ncha yake ya kupimia ndani ya kikombe cha chai ili friji ya uongo ipate joto. Kisha akapiga kelele, "Shemeji! Amekamatwa! Amekamatwa huyu!"

Mama alisimama mpaka kigoda kikaanguka. Alitaka kupiga kigelegele, nikaona mkono wake unapanda mdomoni, akakumbuka nyumba ina eda, akaushusha. "Nani?" akauliza. "Nani huyo mshenzi?"

Na yule bwana, kwa furaha yake, bila kufikiri hata kidogo, akamjibu. "Ni salamu, mama! Salamu za Ijumaa! Ni ndefu, hazienei kwenye nafasi yake, zinamwagikia kwenye vipimo!"

Hapo nilijua, kabla mama hajageuka, kwamba ameshaelewa kila kitu. Kwa sababu salamu zile zilikuwa zake.

Ilianza mume wangu akiwa bado hai, mgonjwa kitandani. Mwanzo kifaa kilikuwa kinamtumia nesi meseji kavu: friji ina joto, na kiasi chake. Mama alipoonyeshwa alichukia kabisa. Nesi yule ni mtu mzima, karibu rika lake. "Hata salamu? Mtu mzima unamrukia tu, joto, joto! Mashine haina adabu kwa sababu aliyeitengeneza hakuipa." Mume wangu akacheka mpaka akakohoa, akaomba kompyuta, akaiweka juu ya kifua na kuandika akiwa amelala. Assalamu alaikum mama yetu, shikamoo, habari za mchana, pole na kazi. Mama akasema, "Na Ijumaa je? Ijumaa ni siku kubwa." Akaongeza, ikiwa ni Ijumaa, tunakutakia Ijumaa njema yenye baraka kwako na kwa familia. Mama akaridhika. Meseji ya siku nyingine ilienea kwa kubanana. Ya Ijumaa ilizidi, na herufi zilizokosa mahali zikaingia kwa jirani, na jirani alikuwa jedwali la vipimo.

Huo ndio ukweli wote. Na ukweli wenyewe, kosa halikuwa la mama. Mwenye kuomba salamu ndefu hana kosa, ni mwenye kuandika programu ndiye anayetakiwa kupima nafasi kwanza. Aliyeitenga nafasi ile fupi ni mume wangu, na aliyeongeza maneno bila kuipima ni mume wangu. Alikuwa hivyo tangu zamani, Mungu amrehemu, mwepesi wa kuandika na mvivu wa kupima, na mimi nilikuwa nagombana naye kila wiki. Safari hii alikuwa na homa. Nisingemlaumu hata kama angekuwa hai.

Mama aligeuka, akaingia ndani, pazia likarudi nyuma yake. Alikaa chini mbele yangu, kitu ambacho hakukifanya hata siku ya mazishi. Uso wake ulikuwa umepauka. "Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyeiharibu sadaka ya mwanangu."

Haki ya Mungu, nilitafuta la kusema. Nikimwambia si wewe mama, atauliza ni nani. Na mwingine wa kulaumiwa alikuwa mmoja tu, yupo kaburini, udongo wake haujakauka, na mama yake amejipa moyo kwamba angalau jambo moja alilifanya likakamilika. Nimpokonye hilo? Nimwambie mwanao alizembea? Na nikinyamaza, ataubeba yeye mpaka afe. Niliuona mkono wake unatafuta tasbihi kwenye mkeka na haioni, ingawa ilikuwa hapo karibu na goti lake.

Nikasema, "Nafasi ile niliipima mimi, mama. Yeye aliniambia niipanue, nikasahau."

Sentensi hiyo. Ilinitoka kirahisi, na nilipoisema nilijiona nimetenda wema mkubwa. Huko barazani, rafiki yetu ambaye alijua kwamba sikuwahi kuigusa sehemu ile ya programu alikohoa mara moja.

Mama alinitazama. Rangi ikamrudia usoni, nikaona mzigo unamtoka, nikashukuru. Sikuona umetoka kwake kwenda wapi. "Alikwambia?" akauliza.

"Aliniambia."

"Mgonjwa vile, alikumbuka kukwambia."

"Ndiyo mama."

Akainuka, akajishika kiuno, akasema, "Mungu ni mwingi wa kusamehe." Kisha akaenda jikoni.

Dawa ilikuwa ndogo kuliko kelele zake. Tulipanua nafasi ya meseji, tukaweka kizuizi kwamba maneno yakizidi yakatwe, na ukurasa wa vipimo nikauacha umefungwa, hufunguliwa tu mpimaji anapoandika. Rafiki yetu akapanda boti akaenda kisiwani kubadilisha programu. Nesi akaripoti Ijumaa baada ya Ijumaa, hakuna kosa. Watu wa wilayani wakaja, wakakagua, wakakiacha. Mpaka leo kipo.

Asubuhi iliyofuata baada ya kumkamata mwizi, uji uliletwa na binamu wa kike wa mume wangu. Nilidhani mama anaumwa. Hakuwa anaumwa, nilikuwa namsikia anafagia uani. Kesho yake tena binamu. Sikugombezwa, nisije nikamsingizia mtu. Eda ilipokwisha mama alinifanyia kila kitu kinachompasa mjane, akanitafutia mtu wa kunitoa eda, akaninunulia doti ya kanga nzuri, akanifukiza udi kwa mkono wake. Lakini yule aliyekuwa ananiita mwanangu alianza kuniita mke wa marehemu. "Mke wa marehemu amekula?" anamuuliza binamu, nami nimo chumbani, nasikia.

Nilirudi Lindi kufanya kazi. Rafiki yetu alinipigia siku moja, tukaongea mambo ya kazi, halafu akashindwa kuvumilia. "Shemeji, kwa nini ulijitwika? Mwambie ukweli yule mama."

"Nimwambie upi?"

"Kwamba hukuwa wewe."

"Halafu akiniuliza alikuwa nani?"

Akarudi kwenye mambo ya kazi, maana yeye naye alimpenda marehemu. Nimeligeuza hili jambo kila upande. Kila njia ya kujisafisha inapita juu ya mmoja wao, mama au mwanawe. Wakati mwingine nakasirika, nasema kwa sauti humu ndani peke yangu, basi na iwe hivyo, alizembea, mume wangu alizembea, kwani malaika yeye? Kisha najutia hata hilo. Ninalolijutia zaidi ni kwamba nilimfanya mtu mzima kama mtoto. Yule mama alielewa kurasa na ruhusa mchana mmoja tu, kwa nini nilidhani hatamwelewa mwanawe? Pengine angelia, akasema ndivyo alivyokuwa, mwepesi wa mikono, tukacheka kidogo. Pengine tungebaki sote watatu, mimi, yeye na mwanawe. Sikumpa nafasi hiyo.

Mwaka huu nilikwenda kwenye hitma. Nyumba ilijaa wanawake, mabusati yametandikwa mpaka uani, pilau imeiva vizuri. Baada ya dua mmoja wa wageni, mama wa makamo kutoka kisiwani, alisimama kumshukuru mama mkwe wangu. Alisema mjukuu wake amepata chanjo zote pale zahanati, na kila akimpeleka anakiona kile kisanduku na kumwombea marehemu. Wanawake wakaitikia amin. Mama mkwe wangu alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilifurahi kabisa.

Akasema, "Mwanangu alikitengeneza vizuri. Mkewe ndiye aliyekosea vipimo, bahati mbaya, Mungu akamleta rafiki yake akakinyoosha."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza jinsi nyumba ilivyojengwa. Jirani yangu kwenye busati alinigeukia kwa huruma, akaninong'oneza, "Kumbe ni wewe, dada?"

"Ni mimi," nikasema.

Mama mkwe wangu akaendelea kupita na bakuli la nyama, akimwongezea kila mtu bila kumuuliza, kama afanyavyo kwa watu wake. Alipofika kwangu alisimama, bakuli mkononi, akaniuliza kwa adabu kama nitapenda nyongeza. Nikamwambia ahsante mama, nimeshiba, akapita kwenda kwa wengine.